WAGENI WA VULI KATIKA ZIWA OL' BOLOSSAT

Mapema asubuhi katika mwezi wa Oktoba, ukungu ungali umelala juu ya maji, mtu asimamaye ukingoni mwa Ziwa Ol' Bolossat huwasikia ndege kabla hajawaona. Kwanza husikia mlio mkali kama wa nyundo ndogo igongayo chuma. Huyo ni ndege mwenyeji, mwenye rangi nyeusi, nyeupe na ya kijivu, naye huwapigia kelele wote wapitao karibu na makao yake. Kisha, mbali zaidi, husikika mluzi wa mapigo matatu, mwororo na ulio wazi, ambao katika mwezi wa Juni haukusikika ila kwa nadra. Huo ni mlio wa mgeni. Ukungu unapoondoka, tope ambalo jana lilionekana kuwa tupu huwa limejaa viumbe vidogo vyenye kukimbia, kusimama, kudonoa na kukimbia tena.

Watu wengi hupita njia ya Ol Kalou kwenda Nyahururu wala hawalitazami ziwa hilo. Wengine hulitazama wakaona maji machache, majani mengi na ng'ombe wakilisha. Lakini mtu akitenga asubuhi moja tu ya majira ya vuli akatazama kwa utulivu, atajua kwamba ukingo huo wa tope, udhaniwao kuwa si kitu, ni kituo cha safari iliyoanzia karibu na ncha ya kaskazini ya dunia.

ZIWA LENYEWE

Ziwa Ol' Bolossat limo katika Kaunti ya Nyandarua, karibu sana na mstari wa Ikweta, kati ya genge la Satima upande wa mashariki na kilima kirefu cha Dundori upande wa magharibi. Liko juu sana, mita zipatazo 2,340 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi kali. Ziwa na vinamasi vyake huenea zaidi ya kilomita za mraba 40, lakini maji yaliyo wazi ni sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Sehemu iliyobaki ni matete, ndago na majani mafupi, ambayo mvua ikizidi hufunikwa na maji, na jua likizidi hugeuka kuwa malisho.

Maji yake hutoka upande wa kaskazini na kuingia Mto Ewaso Narok. Mto huo huanguka kwa kishindo pale Nyahururu, katika maporomoko yenye urefu wa zaidi ya mita 70, ambayo wageni huja kuyapiga picha. Kisha hushuka katika nchi ya Laikipia na kuungana na Ewaso Ng'iro, ambao hupita Samburu na Isiolo ukielekea kinamasi cha Lorian. Kwa hiyo mfugaji anyweshaye ngamia wake mbali kule chini anaweza kuwa anatumia maji yaliyopita kwanza katika majani ya Ol' Bolossat, hata ikiwa hajapata kulisikia jina hilo.

WATOKAKO WAGENI

Katika nchi za Ulaya na za kaskazini ya Asia, miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba ni majira ya kupukutika kwa majani. Siku hufupika, baridi huingia, na maji huanza kuganda. Ndege alaye wadudu wa topeni hawezi kuchimba barafu. Hana budi kuhama au kufa. Kwetu miezi hiyo ndiyo ya vuli, wakati mvua fupi zinapolilainisha tope na wadudu kuzaliwa kwa wingi. Majira ambayo kule hufunga chakula, huku hukifungua.

Watu wa pwani wanaufahamu vizuri mwendo wa namna hiyo. Majahazi ya Arabuni yalikuja Mombasa na Lamu kwa pepo za kaskazi, yakarudi kwa pepo za kusi, na mfanyabiashara alijua mwezi wa kuyatazamia. Ndege nao wana kalenda yao. Wa kwanza huonekana katika mwezi wa Agosti. Wengi zaidi hufika Septemba na Oktoba. Bata wa kaskazini huzidi kuongezeka Novemba na Desemba. Tangu Machi hadi mwanzo wa Mei hurudi walikotoka.

Mdogo kuliko wageni wote wa topeni ni kitwitwi mmoja ambaye urefu wake ni kiasi cha sentimita 13 tu. Uzito wake ni gramu zipatazo 25, yaani kama vijiko viwili vikubwa vya sukari. Hutaga mayai yake katika nchi tambarare zisizo na miti, kuanzia kaskazini ya Norwei hadi Siberia, ambako katika mwezi wa Juni jua halitui. Ndege wakubwa wa jamii hii huondoka mapema na kuwaacha vijana wao wakiendelea kukua. Baada ya majuma machache vijana nao huruka kuelekea kusini, ingawa hawajapata kuiona njia wala hawana mzee wa kuwaongoza. Kitwitwi anayedonoa tope la Nyandarua katika mwezi wa Oktoba huenda alitoka katika yai lake miezi mitatu tu iliyopita, naye amekwisha kusafiri maelfu ya kilomita.

JINSI YA KUWATAMBUA

Mtu anayeanza kazi hii hukata tamaa upesi, kwa kuwa ndege wote wa topeni humwonekania kuwa wa rangi moja, kahawia juu na nyeupe chini. Dawa yake ni kuacha kutazama rangi kwanza, na badala yake kutazama mahali ndege alipo na kazi anayoifanya. Ukingo wa ziwa umegawanyika kama nyumba yenye vyumba, na kila ndege ana chumba chake.

Chumba cha kwanza ni majani mafupi yaliyo na unyevu, mahali ng'ombe wanapolisha. Hapo huonekana ndege wadogo wenye matumbo ya manjano na mikia isiyotulia, wakikimbia kati ya kwato za ng'ombe ili kuwakamata nzi na wadudu walioshtuliwa. Wafugaji wote wamewaona, lakini si wote wajuao kwamba hao pia ni wageni kutoka Ulaya na Asia. Pamoja nao huweza kuonekana ndege wa ukubwa wa njiwa, mwenye shingo ndefu, kichwa kidogo, na manyoya ya mgongoni yaliyopangika kama magamba. Kwao, katika mwezi wa Mei, dume la ndege huyo huvaa ukosi mkubwa wa manyoya shingoni na kupigana na wenzake kwa ajili ya majike. Huku kwetu hana ukosi wala ugomvi, na wengi wanaofika Kenya ni majike.

Chumba cha pili ni tope lenyewe pamoja na maji yasiyozidi kina cha kidole. Hapa ndipo kitwitwi mdogo anapofanya kazi yake, kichwa kimeinama, akidonoa haraka kama cherehani. Mdomo wake hauzidi sentimita mbili, kwa hiyo hula mabuu na wadudu walio juu juu tu. Ndege mwingine, mkubwa kidogo, hupendelea kukaa peke yake juu ya jiwe au kipande cha mti, na sehemu yake ya nyuma hupanda na kushuka bila kukoma. Mtu akiona mtikisiko huo hahitaji kuuliza rangi.

Chumba cha tatu ni maji yafikayo magoti ya ndege wenye miguu mirefu. Mwenye mluzi wa mapigo matatu huonekana hapa: miguu yake ni ya kijani kibichi kilichofifia, na mdomo wake mrefu umepinda juu kidogo. Yuko pia mwenyeji mwembamba mweusi na mweupe, ambaye miguu yake ni ya rangi ya waridi, na mirefu hata mtu hudhani ameazima ya ndege mwingine. Pengine hutokea mgeni mwenye mdomo ulionyoka wa sentimita zipatazo 10, ambaye huuzamisha wote topeni na kutoa minyoo ambayo kitwitwi hawezi kuifikia. Hivyo wote hula katika sahani moja wala hawanyang'anyani tonge.

Chumba cha nne ni maji ya bata. Bata wenyeji ni wengi: yuko mwenye mdomo wa manjano, yuko mdogo mwenye mdomo mwekundu na mashavu meupe, na yuko bata bukini wa Misri, ambaye sauti yake ya ukali huijua kila mwenye shamba la ngano. Wageni wajulikanao zaidi ni watatu. Wa kwanza ana mdomo mpana kama beleshi, na huogelea ameulaza juu ya maji akichuja mbegu na wadudu. Mara nyingi kadhaa kati yao huzunguka pamoja kama ng'ombe wapurao nafaka. Wa pili ana shingo ndefu na mkia uliochongoka, na hula akiwa kichwa chini, mkia juu. Wa tatu ni mdogo, naye ana alama ya mstari mweupe juu ya jicho.

Hapa pana jambo linalowadanganya wengi. Vitabu vya ndege huonyesha dume la bata wa kaskazini likiwa na rangi za kupendeza: kichwa cha kijani kibichi, kifua cheupe, ubavu mwekundu. Msomaji huenda ziwani katika mwezi wa Oktoba na kitabu chake, asione hata mmoja wa namna hiyo, akarudi nyumbani akisema kwamba bata hawajafika. Kumbe wamefika. Baada ya majira ya kuzaa, madume hubadili manyoya na kuvaa nguo za kazi zifananazo na za majike. Mengi hayavai tena nguo za sikukuu mpaka Desemba au Januari, na mengine hata baadaye. Kwa hiyo katika vuli yafaa kutazama umbo la mdomo, urefu wa shingo, na alama ya bawa ndege arukapo.

NAMNA YA KUTAZAMA NA KUHESABU

Kazi hii haihitaji mali nyingi. Darubini ndogo ya mkono, daftari na kalamu vinatosha, na hata asiye na darubini anaweza kujifunza mengi akiwa mvumilivu. Saa nzuri ni tangu saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu za asubuhi, na tena baada ya saa kumi za jioni. Yafaa kusimama jua likiwa mgongoni, kuvaa nguo zisizong'aa, na kutosogea haraka. Ndege wakianza kuinua vichwa vyao wote pamoja, mtazamaji amekwisha kukaribia mno, na yampasa arudi nyuma. Mgeni aliyetoka safarini anahitaji kila tonge, na kumrusha bila sababu ni kumpokonya chakula chake.

Tena iko hatari moja isiyo ya mzaha. Ziwa Ol' Bolossat lina viboko, na alfajiri ndiyo saa wanayorudi majini kutoka malishoni. Mtu asisimame kamwe kati ya kiboko na maji, wala asiingie katika matete marefu peke yake. Ni heri kufuatana na mwenyeji azijuaye njia za wanyama hao.

Kuhesabu kundi kubwa huonekana kuwa jambo lisilowezekana, lakini liko na desturi yake. Hesabu kumi kwa uangalifu. Tazama kumi hao wamechukua nafasi gani topeni, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo, kama mtu apimaye shamba kwa kamba. Rudia mara tatu na uandike hesabu ya katikati. Andika pia tarehe, saa, hali ya hewa, na mahali maji yalipofika. Daftari la namna hiyo, likiandikwa na mtu mmoja mahali pamoja kwa miaka mitano, lina thamani kuliko kumbukumbu za wazee kumi.

Kazi kama hiyo hufanywa na wataalamu pia. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, katika mwezi wa Januari, Makumbusho ya Taifa pamoja na chama cha Nature Kenya, ambacho asili yake ni chama kilichoanzishwa mwaka 1909, na watu wengi wa kujitolea, wamekuwa wakihesabu ndege wa maji katika maziwa ya Bonde la Ufa na mahali pengine. Hesabu hizo huunganishwa na za nchi nyingine, na kwa njia hiyo hujulikana ni jamii zipi zinazopungua. Ndege wengine hukamatwa kwa nyavu, wakavishwa pete nyepesi ya madini yenye nambari, wakaachiliwa. Mtu aokotaye ndege aliyekufa mwenye pete yampasa kuandika nambari na maneno yote yaliyo juu yake, pamoja na tarehe na mahali, na kuyapeleka Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Karatasi hiyo moja yaweza kueleza safari nzima.

SWALI LA MKULIMA

Mkulima ambaye shamba lake linashuka hadi majini huweza kuuliza, na anayo haki ya kuuliza: "Ndege hawa wananifaa nini? Maji yakipungua, tope hilo ni jeusi, lina rutuba na unyevu. Nikipanda kabichi au viazi pale, nitavuna wakati wenzangu wa juu wanalilia mvua. Je, niache chakula cha watoto wangu kwa ajili ya vitwitwi wa Siberia?"

Swali hili si la upumbavu, wala halijibiwi kwa kumwambia mtu kwamba ndege wanapendeza. Tena ni kweli kwamba ndege wengine huleta hasara; bata bukini na korongo wenye taji huingia katika ngano na mahindi machanga, na aliyelima kwa jasho hawezi kufurahi. Lakini jibu lipo, nalo lina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni ya maji. Ukanda wa majani na tope ulio kati ya shamba na ziwa ni chujio. Mvua inaposhuka kutoka Satima na Dundori huchukua udongo wa mashamba. Majani huupunguza mwendo wa maji, na udongo hutua. Ukanda ukilimwa, chujio limetobolewa. Udongo huingia moja kwa moja ziwani, na ziwa ambalo tangu asili halina kina huzidi kujaa mchanga na tope. Mkulima aliyevuna kabichi misimu michache hujikuta baadaye hana maji ya ng'ombe wakati wa kiangazi, na jirani zake wa Laikipia hukosa mto. Mtu akiziba kisima ili apate mahali pa kupanda, shamba lake limeongezeka lakini nyumba yake imepungukiwa.

Sehemu ya pili ni ya kazi ya ndege wenyewe. Wale wa manjano wafuatao ng'ombe hula nzi tangu asubuhi hadi jioni bila mshahara. Korongo weupe wajao kutoka Ulaya hushuka mashambani kwa makundi na kula panzi na viwavijeshi, adui ambaye wakulima wa Kenya wanamjua vizuri. Wahenga walisema kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Ndege hawa huja na jembe lao tayari.

Sehemu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni hii: hawana mahali pengine pengi pa kwenda. Zamani mtu angeweza kusema kwamba Nakuru na Elmenteita yatosha kuwapokea. Lakini katika miaka iliyofuata 2010 maji ya maziwa mengi ya Bonde la Ufa yalipanda kwa kiasi kisichozoeleka, na katika mwaka 2020 yalikuwa yamefunika barabara, nyumba na miti mingi. Ziwa likijaa kupita kiasi, tope la ukingoni huzama, na ndege mwenye miguu ya sentimita chache hana pa kusimama. Wakati wa ukame mkali mambo hugeuka, maji yakatoweka kabisa. Kwa hiyo ndege huhitaji maziwa mengi, makubwa kwa madogo, pamoja na mabwawa ya mashambani, ili palipoharibika mwaka huu pasaidiwe na palipo pazuri. Ziwa dogo likiondolewa, mnyororo hukatika pete moja, na kitwitwi wa gramu 25 hana akiba ya nguvu ya kutafuta mbali sana.

Hata wenyeji wanategemea ukingo huo. Korongo mwenye taji, ndege mzuri kuliko wote wa nyanda za juu, hujenga tago lake katika matete na majani marefu ya kinamasi. Katika mwaka 2012 aliingizwa katika orodha ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini, kwa sababu vinamasi vinalimwa na kuchomwa moto, na mayai na makinda yake huibwa. Ol' Bolossat ni mojawapo ya mahali ambapo korongo hao wangali wakionekana kwa mamia.

SUMU NI UPANGA WENYE MAKALI MAWILI

Liko jambo jingine ambalo wakulima hawana budi kuambiwa waziwazi. Katika miaka ya karibu na 2010 ilijulikana kwamba katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi ya Kenya, watu walikuwa wakitega korongo, bata na ndege wengine wa maji kwa dawa kali ya kuulia wadudu, iliyotiwa katika konokono na mchele. Ndege waliokufa waliuzwa wakaliwa. Dawa iliyomwua ndege haimwachi mara tu anapochunwa. Huendelea kukaa katika nyama, na mlaji hula sumu pamoja na kitoweo. Hakuna mzazi ambaye angemnunulia mtoto wake nyama hiyo kama angejua ilivyopatikana. Mtu akiuziwa ndege wa porini asijue aliuawa kwa njia gani, na asimguse. Zaidi ya hayo, kuua ndege wa porini bila ruhusa ni kosa katika sheria za Kenya.

YALIYOKWISHA KUFANYWA NA YALIYOBAKI

Katika mwaka 2018 Serikali ilitangaza Ol' Bolossat na vinamasi vyake kuwa eneo la ardhioevu lililohifadhiwa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa maana kwa miaka mingi ziwa lilikuwa halina ulinzi wa namna hiyo, na ugomvi wa mipaka ulikuwa mwingi. Lakini tangazo halioti majani, wala halizuii jembe usiku. Kinacholinda ukingo ni mapatano ya wale wanaokaa karibu nao.

Mapatano hayo si magumu. Mwenye shamba aache ukanda wa majani ya asili kati ya mtaro wake wa mwisho na mahali maji yanapofika wakati wa mvua nyingi. Matuta ya kuzuia mmomonyoko yatengenezwe juu, ambako udongo unaanzia, wala isingojwe mpaka ufike chini. Ng'ombe wanyweshwe mahali pamoja au pawili palipochaguliwa, ili ukingo wote usikanyagwe. Matete yasichomwe ovyo, hasa wakati korongo wanapolalia mayai. Mabaki ya dawa za mashambani yasimwagwe wala vyombo vyake visioshwe katika maji yaendayo ziwani. Hakuna hata moja katika hayo linalomtaka mtu kuacha kulima.

Shule nazo zina nafasi yake. Watoto wakitolewa asubuhi moja ya Oktoba pamoja na mwalimu, wakapewa kazi ya kuhesabu na kuchora midomo ya ndege wanane, watakuwa wamejifunza jiografia ya Siberia, hesabu ya makadirio, na elimu ya viumbe, yote kwa siku moja, na bila gharama ila ya kutembea kwa miguu. Mtoto aliyekwisha kulijua jina la ndege na nchi atokayo hamrushii jiwe kwa wepesi. Tena jioni atamweleza baba yake, na huenda baba akautazama upya ule ukanda wa tope ulio chini ya shamba.

Ifikapo Aprili mvua ndefu huanza. Wageni huwa wamenona. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ndiyo chakula cha njiani. Wengine huwa wamevaa rangi za kahawia nyekundu ambazo hawakuja nazo. Jioni moja tulivu kundi hurukaruka, hupanda juu, hulizunguka ziwa mara moja au mbili, na kuelekea kaskazini. Asubuhi yake tope hubaki na nyayo tu.

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wageni hawa wa vuli hawaombi nyumba wala kitanda; wanaomba tope lenye unyevu na maji yenye kina cha kidole, na hayohayo ndiyo yanayolifanya ziwa liendelee kuwa ziwa la wenyeji. Mwenye daftari na aandike mwaka huu hesabu ya siku moja ya Oktoba, na mwakani arudi siku ile ile mahali pale pale. Akikuta vitwitwi ni wengi kama kwanza, atajua kwamba ukingo ungali mzima. Akikuta hawapo, na atazame nyuma yake, aone jembe limefika wapi.